Sehemu Nne za Ziada

Seoul, Ijumaa, 27 Aprili 2001

Mwandishi Gil,

Najua simu umeichomoa ukutani. Nimempigia mwenye nyumba wako hapo Jumunjin mpaka akanichoka. "Bwana," akaniambia, "mimi nauza ngisi wakavu. Mpangaji wangu wa juu akitaka kuongea na wewe, miguu anayo." Kwa hiyo barua hii inapanda basi la asubuhi, kama miswada yako inavyopanda kuja huku.

Sehemu ya nane ya *Binti wa Mlangoni* imepata asilimia thelathini na nne ya watazamaji jana usiku. Katika miaka yangu yote ya kuongoza idara ya tamthilia hapa kituoni, sijaona Alhamisi ya namna hiyo. Mke wangu, ambaye hatazami kazi zangu kwa sababu anasema mume mmoja anamtosha, amenikalisha chini asubuhi na kunihoji: yule mama atajua lini kwamba binti yake alikwenda jela kwa kosa la kaka yake? Nikasema sijui. Akasema, "Sasa kazi yako hapo ni nini?"

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Tuliagiza sehemu kumi na sita. Naomba ishirini. Ni nne tu, wiki mbili. Waigizaji watakubali, nimeshawadodosa wachache. Na ikiwezekana mwisho uache mlango wazi kidogo, watu wa juu wameanza kuutaja msimu wa pili.

Kula vizuri. Ukiishi kwa tambi za pakiti, tumbo lako litaniletea kesi.

Bang Gi-tae

•

Jumunjin, Jumapili, 29 Aprili 2001

Mkuu Bang,

Ahsante kwa habari ya asilimia. Msalimie mkeo, na umwambie mama atajua.

Sehemu nne sitaandika. Sababu zake unazijua kuliko mimi, ila naona asilimia zimekupanda kichwani, basi nakukumbusha.

Hadithi hii ina swali moja. Mama anaamini binti yake ndiye aliyemgonga mtu kwa lori na kukimbia. Binti ametoka gerezani, amefungua kibanda cha kimbap, zile roli za wali na mwani, mbele ya mlango wa mama yake, na kila siku mama anapita bila kumtazama. Kaka yuko ndani ya nyumba, anakula, ananyamaza. Mtazamaji anasubiri kitu kimoja tu. Nimegawa kusubiri huko mara kumi na sita, na kila sehemu inabeba kipande chake. Ukiniambia niongeze nne, hadithi haiongezeki. Mama ndiye anayeongezewa upumbavu. Mwanamke aliyelea watoto wawili peke yake hawezi kupita mbele ya ukweli wiki mbili zaidi bila kuuona. Nikimfanya asiuone, watu wataacha kumwamini, na mimi pia.

Msimu wa pili ndio kabisa. Nani ataucheza? Nam Do-gyeong, kaka wetu, anaingia jeshini Juni. Mama Tak, mama wetu, ameshasaini tamthilia ya kihistoria, mwezi wa saba atakuwa malkia. Mwongozaji Ham atapewa kazi nyingine kabla hajalala usingizi wa kutosha. Na mwandishi ni mimi peke yangu. Hakuna watu kumi chumbani wa kupokezana kalamu. Sisi tunakusanyika kwa hadithi moja, tunaimaliza, tunatawanyika. Ndiyo maana watu wanatupa jioni zao: wanajua mwisho upo na hauko mbali.

Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, kwenye kantini, huku unaiba figili kwenye sahani yangu.

Gil Myeong-ju

•

Seoul, Alhamisi, 3 Mei 2001

Mwandishi Gil,

Figili zilikuwa za kantini, si zako.

Nasema mapema ili usije ukalisikia kwa muuza ngisi: gazeti la jana limeandika kwamba *Binti wa Mlangoni* inaongezwa sehemu nne. Nimesema mimi. Mwandishi wa habari aliuliza, nikajibu. Limeshatoka.

Sasa tusaidiane. Nimekaa na vijana wa idara tukakusanya mawazo. Mama apate ajali apoteze kumbukumbu. Au kaka akimbilie Marekani. Au atokee mtu anayefanana na marehemu aliyegongwa. Usicheke, la mwisho ni la kwangu.

Sikuombi kwa ajili ya matangazo ya biashara, ingawa najua ndivyo utakavyofikiri. Nakuomba wiki mbili, na nakuomba usiniulize kwa nini. Tumefanya kazi pamoja tangu nywele zangu zikiwa kichwani. Niliwahi kukuomba kitu bure?

Bang Gi-tae

•

Jumunjin, Jumamosi, 5 Mei 2001

Mkuu Bang,

Nimelisoma gazeti. Mwenye nyumba alikuwa amefungia ngisi, akanikunjulia.

Ndani ya bahasha kuna mswada wa sehemu ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu na ya kumi na nne zitachelewa. Baada ya tangazo lako imenibidi nipange upya yaliyobaki.

Mwambie Mwongozaji Ham asilibomoe jiko la mama kule studio. Nitalihitaji.

Gil Myeong-ju

•

Seoul, Jumanne, 8 Mei 2001

Mwandishi Gil,

Nilijua tu! Watu wote hapa walisema, "Gil? Yule ni jiwe." Nikawaambia ninyi hamumjui. Nimemtuma mtu kituo cha mabasi na mbavu za ng'ombe, zimeshalowekwa kwenye mchuzi wa soya, wewe ni kuchoma tu. Mgawie na muuza ngisi, amenivumilia.

Kuhusu kuchelewa usijitese. Chelewa unavyotaka. Lete kurasa tatu tatu, lete siku yenyewe ya kurusha. Ham ameshazoea kupiga picha mchana tukarusha usiku, nadhani siku hizi akipewa mswada mapema anaugua. Jiko la mama limebaki, wameweka na sufuria mpya.

Umeniokoa, Mwandishi Gil. Hujui umemwokoa na nani mwingine.

Bang Gi-tae

•

Seoul, Ijumaa, 18 Mei 2001

Gil Myeong-ju,

Leo sikuulizi umekula nini.

Kurasa za mwisho za sehemu ya kumi na nne zilishuka kwenye basi jana mchana, na tunarusha saa nne usiku. Mimi nilikuwa kwenye kikao. Nimekuja kuitwa studio jioni, naingia namkuta Mama Tak amekaa jikoni, amevaa aproni, taa zimewashwa. Nikamnyang'anya msaidizi ule mswada nikasoma nimesimama. Kaka anakula. Mama anamwekea samaki kwenye wali wake, anamtoa miiba, halafu anauliza bila kuinua macho: "Siku ile, funguo za lori alikuwa nazo nani?" Kijiko kinasimama. Kaka anasema, "Mimi, mama."

Sehemu ya kumi na nne! Mlango umeufunga kwa msumari.

Nikamwambia Ham, "Zima. Hii hatupigi."

Ham hata hakugeuka. "Nikizima, saa nne nirushe nini? Sura yako?"

"Rusha muziki! Rusha bahari!"

"Mkuu," Mama Tak akaniita kutoka jikoni, na unajua akikuita kwa sauti ile unajiona una miaka saba, "miezi miwili namnyima mwanangu hata salamu. Wanawake sokoni wananitukana, mmoja kakataa kuniuzia kabichi. Mkanitangazia kwenye gazeti nitamnyima wiki mbili zaidi, hakuna aliyeniuliza. Leo nimejua. Sasa toka kwenye mwanga, unanitia kivuli."

Nikatoka. Walilipiga onyesho mara moja tu. Do-gyeong alilia kweli, kamasi na kila kitu, Ham akaliacha hivyo hivyo. Limerushwa. Nchi nzima imeliona, asubuhi simu za kituo zimekwama. Siwezi tena kumsahaulisha mama, wala kumpeleka kaka Marekani. Umenipiga kwa njia niliyokufundisha mwenyewe, na nilikutumia mbavu juu yake.

Sasa nakwambia nilichoombwa nisikwambie. Tamthilia inayofuata baada yako, ya Mei 30, ni ya Pyo Seon-a. Ndiyo, Seon-a wako, aliyekuchapia miswada miaka sita. Ni kazi yake ya kwanza, na ana miswada mitatu tu mkononi. Zile wiki mbili zilikuwa zake. Ulidhani unanifungia mlango mimi. Umembana vidole yeye.

Bang Gi-tae

•

Jumunjin, Jumamosi, 19 Mei 2001

Seon-a,

Mkuu Bang ameniambia. Nina maswali matatu, nijibu kwa basi la kesho.

Kwa nini miswada ni mitatu? Kwa nini hukuja kwangu? Na mwisho wako unaujua?

Gil Myeong-ju

•

Mapo, Seoul, Jumapili, 20 Mei 2001

Mwalimu,

Mitatu ni kwa sababu mwigizaji wangu mkuu alijitoa mwezi Machi. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Aliyepatikana badala yake ana arobaini na moja. Wakaniambia nibadilishe umri tu, vingine niache. Nilijaribu. Mwanamke wa miaka arobaini na moja anayerithi bafu la umma hasemi maneno ya msichana, hata hasimami mlangoni kama msichana. Nikatupa sehemu nane zilizokuwa tayari, nikaanza upya. Ungefanya hivyo hivyo, usinigombeze.

Sikuja kwako makusudi. Nilipomweleza Mkuu Bang alisema, "Nitamwambia Gil, kwa jina lako atakupa hata mwezi." Nikamwambia akilitaja jina langu naacha kazi. Ungenipa, Mwalimu, naomba usikatae. Ungemburuza yule mama wiki mbili kwa ajili yangu, na mimi ningeingia hewani nimebebwa mgongoni, na kila mtu kituoni angejua nilibebwa. Halafu *Binti wa Mlangoni* ingeharibika. Nimekaa chumbani mwako miaka sita nikichapa, najua ilipoanzia. Sikutaka niwe mimi niliyeiharibu.

Nitasema ukweli mwingine. Alhamisi niliiangalia saluni ya hapa chini. Wanawake watano wenye rola kichwani, na mimi. Kijiko kiliposimama, mwenye saluni akaisahau mashine ya kukaushia kwenye nywele za mteja, zikaanza kuungua. Nikapiga kofi paja langu nikacheka kwa sauti. Wakaniuliza, "Wewe una roho gani, unacheka?" Nilikuwa nacheka kwa sababu niliona umefanya nini. Mkuu Bang hana pa kupita. Kisha nikarudi juu, nikakumbuka na mimi sina pa kupita.

Mwisho wangu naujua. Kila mtu mtaani anamwomba asiliuze lile bafu, na watazamaji nao watamwomba. Sehemu ya kumi na sita analiuza. Anazima boila la kuchemshia maji kwa mkono wake mwenyewe.

Pyo Seon-a

•

Jumunjin, Jumatatu, 21 Mei 2001

Seon-a,

Umejibu vizuri, isipokuwa pale uliposema ningekupa. Nisingekupa. Ningekusikitikia sana, na bado mama angejua katika ya kumi na nne. Mkuu Bang ananiona mtu laini kwa sababu nakula nyama zake.

Sehemu ya kumi na sita nimeimaliza jana, inakuja na basi hili. Kwa hiyo kuanzia kesho sina kazi.

Wewe una miswada mitatu na mwisho. Watu wameingia hewani na kumi na miwili bila mwisho, hao ndio waliozama. Mwenye mwisho anajua kila siku anatembea kuelekea wapi. Asiye nao anaongozwa na asilimia za asubuhi: zikishuka analeta ajali, zikipanda anaongeza sehemu.

Unachokosa ni mikono. Unahitaji mtu wa kuchapa, wa kwenda kuwauliza wenye mabafu maji yao yanachemshwa saa ngapi, wa kupokea simu ya mwongozaji wako anapofoka, na wa kukwambia "hapa nimesinzia" ukurasa unapochosha. Naomba hiyo nafasi ya msaidizi. Jina langu lisitokee popote. Hadithi ni yako, sitagusa mwisho, na ukinikatalia wazo sitanuna zaidi ya mlo mmoja.

Nijibu ndiyo au hapana. Usiniandikie heshima.

Gil Myeong-ju

•

Mapo, Jumanne, 22 Mei 2001

Mwalimu,

Ndiyo.

Masharti. Ndani ya chumba hiki mwandishi ni mmoja. Mbele ya watu utaniita Mwandishi Pyo, na mimi nitakuita Msaidizi Gil, hata kama ulimi utanikatika. Godoro la karibu na choo ndilo la msaidizi, unalijua, kwako lilikuwa langu. Huvuti sigara dirishani. Na usiniambie "mimi ningefanya hivi." Niambie umesinzia wapi, basi.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa za kukushukuru, nimezitupa.

Pyo Seon-a

•

Seoul, Jumamosi, 26 Mei 2001

Mwandishi Gil,

Sijui kama unastahili barua hii, lakini kuna mambo lazima yaandikwe na mtu aliyekuwepo, kwa kuwa wewe mwenye shughuli hukuja.

Tulikusanyika wote juzi usiku kwenye ile nyumba ya nyama choma karibu na kituo, kuitazama ya mwisho pamoja. Waigizaji, wapiga picha, madereva, wapishi. Ham alilala kabla ya tangazo la kwanza, kichwa juu ya majani ya saladi, tukamwacha. Nilikuwa nimejiandaa kukaa na hasira. Sehemu ya kumi na tano niliivumilia: kaka anajisalimisha, sawa, nilitegemea. Kwenye ya kumi na sita nilikuwa nangoja wakumbatiane. Nchi nzima ilikuwa inangoja wakumbatiane.

Mama anatoka nje asubuhi. Anasimama mbele ya kibanda. Anasema, "Nipe mbili." Binti anaviringisha, anakata. Mama anakula ya kwanza pale pale amesimama, anatafuna mpaka inaisha. Halafu anasema, "Chumvi imezidi." Anazunguka, anaingia ndani ya kibanda, ananawa mikono, anaanza kuviringisha mwenyewe.

Ikaisha. Nani ameandika mwisho wa namna hiyo! Mezani nyama zikaungua. Do-gyeong, ambaye ameshanyoa kichwa kwa ajili ya jeshi, alitoka nje bila viatu. Mama Tak akajimiminia soju, akasema, "Nimemaliza na huyu mwanamke. Miaka arobaini ya kazi, wengi nimewaacha njiani bila kujua walikoishia. Huyu nimemfikisha." Akanitazama. "Mkuu, ulitaka nifanyeje kwenye hizo nne zako? Nipoteze kumbukumbu?"

Meza nzima ikacheka. Hata Ham alicheka usingizini.

Asilimia arobaini na mbili. Kwa hiyo unajua kinachofuata. Watu wa juu wananiuliza msimu wa pili, na safari hii si mimi ninayewachochea. Watazamaji wanapiga simu mfululizo. Wanataka kujua: kaka atatoka lini? Binti ataolewa? Mama na binti wanaishi nyumba moja sasa? Watasubiri hata miaka miwili Do-gyeong amalize jeshi. Niwajibu nini? Nimeahidi kuwapelekea neno lako, si langu.

Seon-a anaingia hewani Jumatano. Ameniambia amepata msaidizi mzuri, mtu mzima kidogo. Sikuuliza jina. Nimefundishika.

Bang Gi-tae

•

Mapo, Ijumaa, 1 Juni 2001

Mkuu Bang,

Samahani kwa kuchelewa. Msaidizi hana saa zake mwenyewe.

Sehemu ya kwanza na ya pili umeziona. Asilimia kumi na moja, si nyingi. Leo asubuhi Mwandishi Pyo alizisoma, akakunja karatasi, akasema, "Haya, ya saba." Nilimletea wazo la kuleta mchumba wa zamani pale bafuni ili mambo yachangamke. Akasoma hadi mwisho kwa adabu. "Msaidizi Gil," akasema, "huyu mwanaume anakuja kufanya nini kwenye hadithi yangu, kuoga?" Amelitupa, na alifanya haki. Ya tatu hadi ya sita zimekamilika. Leo ananituma Yeongdeungpo kwa mwanamke mmoja aliyefunga bafu lake mwaka jana, nikamuulize siku ya mwisho alizima nini kwanza, maji au taa. Hatachelewesha kituo. Na ukimwandikia habari ya sehemu za ziada, barua zote za chumba hiki nazifungua mimi.

Kuhusu msimu wa pili, jibu langu ni hapana, na waambie wakubwa kwamba si kiburi. Niliwaandika wale watu kwa sababu kulikuwa na uongo ndani ya nyumba yao. Nilipoutoa, kazi yangu kwao iliisha. Ili niwarudishe kwenye televisheni itabidi niwatafutie balaa jipya: ugonjwa, moto, mtoto aliyefichwa. Mwanamke yule amekaa jela miaka kumi na mmoja kwa kosa lisilo lake. Sina moyo wa kumtafutia balaa kwa sababu tu watu walimpenda.

Wanaopiga simu usiwadanganye wala usiwafukuze. Waambie mwandishi amesema hivi: kibanda kiko pale pale, mama na binti wanagombana juu ya chumvi, wateja wanaongezeka, mvua ikinyesha wanashusha turubai. Hakuna jambo lolote kubwa limewapata tangu ile Alhamisi.

Gil Myeong-ju